Ng'ombe wa Mahari Walioangusha Seva

Nilipohitimu masomo ya jioni pale Iringo, nilijiona fundi wa tovuti ambaye Musoma nzima ingeweza kumkabidhi hata mawimbi ya ziwa. Kwa majivuno hayo nikamwambia mkwe wangu mtarajiwa, mzee wa Butiama: "Baba, usihangaike kwenda Mugeta kukagua ng'ombe wa mahari. Nitawaleta kwenye simu yako."

"Jumamosi saa nne," akasema. "Nisipowaona, nitajua hawapo. Na binti hayupo."

Jumamosi saa tatu baba mdogo akapiga simu kutoka Mugeta. Yeye ndiye aliyekuwa zizini, akipiga picha na kuzipandisha kwenye tovuti niliyowatengenezea wafugaji.

"Mwanangu, mtandao wako unakataa ng'ombe! Unasema picha nzito."

Nikafungua mipangilio ya seva. Kila ombi, hata la kupandisha picha, lilikuwa limewekewa kikomo cha kumbukumbu, megabaiti 128. Nikaona aibu. Ng'ombe wa mahari unawapimiaje nafasi kama chumvi ya dukani? Nikafuta, nikaandika hasi moja, ambayo kwa seva maana yake ni tumia mpaka ushibe. Mwalimu wetu alikuwaga anatuonya: ukiondoa kikomo hicho, mhalifu mmoja anaiangusha seva kwa ombi moja. Mhalifu wala hakuhitajika. Baba mdogo alitosha.

Alianza na fahali wake mwekundu, kwa kujaribu tu. Akapita. Basi akapandisha zizi zima kwa mkupuo, kila ng'ombe mbele, ubavuni na mkiani, maana kwake kumbagua ng'ombe ni mkosi. Seva ikazimika. Nadhani hata taa za Bunda zilipepesa.

Simu ya Butiama ikaita. "Mkwe, naona weupe tu. Ng'ombe wako wote ni weupe?"

"Wanakuja, baba!"

"Bado dakika ishirini."

Nikarudisha 128, nikaweka na kitu cha kupunguza uzito wa picha, nikamwambia baba mdogo kwamba nilikuwa nimefuta kikomo, nikamsihi atume mmoja mmoja, wale wanane wa mahari tu.

"Kumbe zizi lako halikuwa na mlango?" akashangaa. "Shuleni ulikuwa unasomaga nini?"

Saa nne kasoro dakika moja wote wanane walikuwa Butiama.

"Nimewaona. Wazuri," mkwe akasema. "Ila yule fahali mwekundu aliyetokea kabla ya weupe, mbona simwoni?"

Nikamweleza habari za seva kwa kirefu. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Sawa. Basi wawe tisa."

Tulioana. Kila nikienda Mugeta, baba mdogo ananionyesha mahali fahali alipokuwaga analala, halafu ananiuliza kama siku hizi nafunga mlango.