Kidole Gumba cha Ate Luz

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu ughaibuni, mtaa wa Ixelles, hakukuwa na maneno yaliyoogopwa kuliko haya mawili: "Ni mimi." Katika kanisa la wazazi wangu, waliotoka Bukavu, mtu aliyeyatamka mbele ya mgonjwa alikuwa amekiri uchawi.

Jumapili moja, tukirudi kutoka ibadani, tulikutana ngazini na Luz, Mfilipino wa ghorofa ya juu aliyelea watoto wa watu huko mtaa wa Uccle. Tulimwita Ate, yaani dada, kama alivyotufundisha. Alimtazama mdogo wangu Dani, aliyekuwa mgongoni kwa mama.

"Mashavu gani haya, Maman Furaha. Ningeyala."

Mama alicheka. Kabla hatujapakua chakula, Dani alikuwa akiungua kwa homa. Daktari alituelekeza kwa simu tumpe dawa, tungoje.

Ate Luz alisikia kilio, akashuka. Kwa Kifaransa chake cha taratibu alisema, "Ni mimi. Nilimsifu bila kumgusa. Kwetu ugonjwa huu tunauita usog; mate ya aliyesifu huuondoa." Akalowesha kidole gumba kwa mate, akakinyoosha kuelekea tumbo la mtoto.

Mama alirudi nyuma hadi ukutani. "Usiguse mutoto wangu," alisema kwa Kiswahili. "Donc, kumbe ni weye. Toka."

Mlango ulifungwa, lakini sikusikia hatua zikipanda. Ate Luz aliketi ngazini akinong'ona, "Pwera usog, pwera usog." Baadaye nilielezwa kwamba ni maneno ya kuondoa madhara. Wakati ule niliamini anammalizia Dani.

Kisha macho ya Dani yakapinduka, mwili ukakakamaa. Baba alikuwa kazini. Mama alimtazama mtoto, akautazama mlango, akaufungua.

"Luz, nisaidie."

Ate Luz alimlaza Dani ubavu, akaniagiza niite ambulensi. Degedege lilipoachia, aliinua tena kidole kile, akamtazama mama, akangoja. Mama mwenyewe ndiye aliyeifunua fulana ya Dani.

"Alors, fanya."

Siku iliyofuata homa ilishuka. Hospitalini walitaja virusi. Ate Luz alisema, "Magaling na," amepona. Akamwonya mama asimwogeshe mapema, asije akapatwa na binat, ugonjwa unaomrudia aliyeharakishwa kupona. Mama alitii.

Sijui kilichomponya Dani, wala sidai kujua. Ninachojua ni kwamba maneno niliyofundishwa kuyaogopa yalisemwa siku ile na mtu aliyeshuka ngazi ili atengeneze alichodhani amekiharibu.

Leo mama, akimsifu mtoto wa mtu kanisani, hulowesha kidole gumba na kuuliza, "Naweza kumugusa?" Baadhi ya wazazi hurudi nyuma. Mama hungoja.