Nilimtengenezea Mzee amplifier tatu za headphone, nikaipoteza sauti ya Mama

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Gungu na sitapamba kitu.

Mimi ni fundi redio. Baba yangu yuko Kidahwe, masikio yake yanazidi kufifia. Mama alishafariki. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, barua ya sauti aliyoirekodi kwa Kiha, lugha yetu, akiwa kijijini Mwamgongo, enzi Baba anafanya kazi mbali.

Mzee aliomba jambo moja: amsikie kabla hajawa kiziwi kabisa.

Headphone yangu ina ohm nyingi, yaani inataka voltage kubwa. Nikaanza na amplifier ya IC, yaani chip moja ndogo, ya betri ya volt tisa. Safi, ila ukiongeza sauti inafika mwisho wa nguvu zake, maneno yanakwaruza.

Ya pili ya transistor, class A. Hii inapitisha umeme muda wote hata kukiwa kimya, ndiyo maana inachemka kama pasi. Lakini mkwaruzo hakuna. Mzee akasikiliza, machozi yakamtoka. "Ndiye huyu. Hata kikohozi chake."

Hapo ningeacha.

Lakini sisi watu wa audio tuna ugonjwa. Nikatengeneza ya tube, zile taa za kioo, nilizozichomoa kwenye redio ya zamani. Tube inaongeza utamu wake juu ya sauti, mimi nikaupenda. Mzee akatikisa kichwa. "Huyu umempaka asali. Mama yako hakuwa hivi."

Nikambishia! Mtu aliyelala naye kitanda kimoja!

Nikarudi karakana, nikawa naicheza kaseti ileile siku nzima, nalinganisha tube na transistor. Sauti ikaanza kushuka. Nikadhani ni amplifier, nikaongeza gain, yaani ukuzaji wa sauti. Kumbe utepe umezeeka, ule unga wa kahawia unaobeba sauti unabanduka kila ninapocheza. Nilipofungua deki, kichwa chake kinachosoma utepe kimejaa unga. Ikabaki shhh tu.

Kopi sikuwa nimefanya. Fundi mzima.

Jumapili Mzee akaja, akavaa headphone, akasikiliza ile shhh muda mrefu. Akaivua taratibu. "Masikio hayamfikii tena, mwanangu."

Nikamwacha aamini hivyo.

Mwenye kaseti ya mzazi, kopi kwanza, ubishi wa amplifier baadaye. Mimi najichukia, wakuu.

Nimwambie? Semeni, hata matusi nitayapokea. Jana alimtuma bodaboda aniulize kama kuna amplifier yenye nguvu zaidi.