Mtoto Asiyegeuka Akiitwa

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka Nakhumicha kikagonga sakafu ya jikoni, na watoto wote sita waliokuwa sebuleni wakashtuka. Safa naye alishtuka. Aligeuza kichwa upesi kuelekea jikoni, kisha akarudi kulitazama pazia la dirisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Nakhumicha alibaki kasimama mlangoni, mwiko mkononi. Wiki tatu nzima alikuwa akijipa moyo kwamba mtoto yule ni mzito wa kusikia. Kumbe anasikia. Anasikia kifuniko, anasikia maji yakichuruzika, anasikia mfuko wa mkate ukifunguliwa. Asichogeukia ni jina lake.

Nakhumicha, ambaye watu wa mtaa wa Woodley jijini Nairobi walimwita Mama Jacklyne, alikuwa mjane wa miaka arubaini na sita kutoka Kimilili. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelea watoto wa wenzake katika nyumba ya vyumba viwili, mojawapo ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji kando ya Ngong Road. Kina mama walimwachia watoto asubuhi wakienda kazini, wakawachukua jioni. Hakuhitaji kitabu kumwambia ni mwezi gani mtoto hukaa, wala ni mwezi gani huanza kugombania kijiko.

Safa aliletwa akiwa na miezi mitano. Mamake, Waridi, alikuwa mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Nairobi, na aliuza mabuibui na mitandio katika duka dogo kule Ngara. Mumewe, Hanif, alikuwa karani katika duka la jumla huko huko mjini. Mtoto alikuwa mzuri wa kusimamisha watu njiani, macho makubwa, kope ndefu, na mtulivu ajabu. "Huyu hata hasumbui," Nakhumicha aliwaambia watu miezi ile ya kwanza. Baadaye maneno hayo yalikuja kumchoma.

Kwani utulivu ule ulizidi. Ukimwinamia mtoto kumbeba, kwa kawaida hukunyoshea mikono kabla hujamfikia. Safa alikaa tu mpaka ainuliwe, na akiinuliwa macho yake yalipita kando ya sikio lako yakaenda ukutani. Nakhumicha alipojifunika uso kwa leso na kujifunua ghafla, watoto wengine walivunjika mbavu. Safa aliitazama leso. Alipotimiza mwaka hakuwa akipunga mkono wa kwaheri, wala hakuwa na ule upuuzi mtamu wa ba-ba-ba na da-da-da unaojaza nyumba yenye watoto wa umri huo. Kulikuwa na Stacy, mkubwa wake kwa wiki mbili tu. Stacy akimwona paka juu ya ukuta alinyosha kidole, akapiga kelele, kisha akageuka kumtazama Nakhumicha usoni, ahakikishe kwamba naye amemwona. Safa hakuwahi kumwonyesha mtu chochote. Alilala chali akitikisa vidole vyake mbele ya mwanga wa dirisha, na hapo angekaa mpaka uji upoe.

Nakhumicha alikuwa ameviona vidole vikitikiswa hivyo zamani, kwao.

Alikuwa na mdogo wake, Were, ambaye hakuwahi kusema neno. Wengine kijijini walisema amelogwa, wengine wakasema ni laana ya ukoo, na hakupelekwa popote ila kwa waganga. Alipoanza kupotelea mashambani, mama yao akawa anamfunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda kila aendapo kulima, na Nakhumicha akaachiwa kazi ya kumchunga. Siku moja, Nakhumicha akiwa na miaka tisa, alimwonea huruma akaifungua ile kamba. Akaingia jikoni kugeuza viazi. Alipotoka, Were hayupo. Walimpata mtoni. Alikuwa na miaka sita. Watu walidhani kamba ililegea yenyewe, naye Nakhumicha akanyamaza, na akanyamaza miaka thelathini na saba.

Sasa hofu ilimbana huku na huku. Miaka minne nyuma aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe hachangamki kama wenzake. Mama yule alimhamisha mtoto na kueneza mtaani kwamba Mama Jacklyne ana jicho baya, na wiki hiyo hiyo wakaondoka watoto wanne. Kwa hiyo akisema, atapoteza riziki. Asiposema, kila akimtazama Safa aliona maji.

Ijumaa moja Waridi alifika mapema kuliko kawaida. Nakhumicha alifunga mlango wa jikoni asije akajificha nyuma ya kazi za huko.

"Mama Safa, kaa kidogo kwanza."

"Kuna nini? Ana homa?"

"Hana homa. Nikimwita jina yake hageuki. Lakini sauti anasikia. Na haniangalii machoni. Wewe anakuangalia?"

Waridi aliacha kumvisha Safa kiatu. "Mtoto ana haya. Hata babake ni mtu wa haya."

"Hii sio haya, mama. Nimelea watoto wengi. Mpeleke aangaliwe, usingoje."

"Wataka kunambia mwanangu ni punguani?"

"Sijasema hivyo."

"Basi wasemani?" Waridi alisimama, mtoto kifuani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Mavyaa wangu alisema kitambo kwamba mtoto huyu katiwa jicho. Nami sikujua ni la nani."

Akaondoka bila kuaga. Jumatatu Safa hakuletwa. Jumanne hakuletwa. Kila mlango ulipobishwa Nakhumicha alidhani ni mzazi mwingine aja kumtoa mwanawe. Mamake Stacy alimuuliza, "Ati mlikosana nini na yule mama wa Safa?" Akajibu kwamba hawakukosana, na sauti yake mwenyewe ikamsaliti.

Waridi alirudi siku ya tisa, asubuhi, saa ambayo angepaswa kuwa dukani. Alikuwa na Safa mgongoni na macho mekundu. Hakungoja kukaribishwa.

"Nimemwita tangu Ijumaa ile," alisema. "Kwa jina lake, kwa jina la kumdekeza, kwa kuimba. Hageuki. Halafu nafungua biskuti chumba cha pili, aja mbio kwa magoti." Aliketi sakafuni, si kwenye kiti. "Hanif asema tungoje atimize miaka miwili. Mavyaa asema aletwe Lamu akanyweshwe kombe, yale maji ya aya za Kurani. Nami naogopa, Mama Jacklyne. Naogopa hata kumtazama. Nieleze ulichokiona, chote, usinifiche."

Nakhumicha alimweleza: mikono isiyonyoshwa, leso, vidole dirishani. Kisha, bila kupanga, akajikuta anamweleza habari za Were. Alieleza mpaka kamba. Alieleza ni nani aliyeifungua. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake, na yalitoka kwa shida.

Waridi alimshusha Safa mgongoni, akamweka kati yao. "Ulikuwa mtoto," alisema. Kisha akauliza, "Utaenda nami?"

Walikwenda hospitali ya Upper Hill Alhamisi iliyofuata. Jacklyne, bintiye Nakhumicha aliyekuwa likizo ya chuo, aliachiwa watoto. Katika benchi la hospitali Waridi alizungusha tasbihi haraka haraka bila kusogeza midomo, na Nakhumicha akahesabu milango ya korido, mahali pote ambapo mtoto angeweza kuponyokea, ingawa Safa hakuwa hata anatembea. Kwanza walipima masikio. Fundi wa vipimo alitoka akitabasamu. "Masikio yake ni mazima kabisa."

Waridi alijifunika uso kwa mtandio akalia kwa kwikwi. Fundi alistaajabu. Nakhumicha pekee ndiye aliyemsikia akisema ndani ya kile kitambaa, "Nilikuwa nimemwomba Mungu mtoto awe kiziwi. Kiziwi ningemuweza. Mama gani huomba hivyo?"

Daktari wa watoto, mtu mpole aitwaye Kiema, alikaa na Safa mkekani karibu saa nzima. Alimpa mpira, akauficha, akamwita, akapiga makofi, akaonyesha kidole dirishani, akamwachia muuguzi ambebe. Mwishowe alizungumza polepole.

"Ninaona dalili za usonji. Ni mapema mno kutia muhuri, tutamtazama tena akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tena akifika miwili. Lakini tusingoje jina ndipo tuanze kazi."

"Umetokana na nini? Na jicho? Na mimi?" Waridi aliuliza.

"Si jicho, na si kosa lako. Hivyo ndivyo ubongo wake ulivyoumbwa."

Kisha Waridi akauliza swali lililokuwa likimtafuna. "Atanijua kwamba mimi ndimi mamake?"

"Muuguzi alipombeba alilia," daktari alisema. "Ulimwona aliponyamaza? Alikuwa kwa nani?"

Waridi alimkumbatia mtoto hadi mtoto akaanza kujikunja.

Safa alirudi Woodley. Nakhumicha alijifunza kukaa sakafuni uso wake ulingane na wa mtoto, kukitaja anachokitazama badala ya kumvuta kwingine, na kungoja. Kungoja ndiko kulikuwa kugumu. Hanif alikataa kulisikia neno usonji kwa miezi mitano. Kisha jioni moja alikuja mwenyewe kumchukua mtoto, akavua viatu vyake vya kazini, akaketi mkekani, akauliza, "Mnacheza vipi?" Safa alipofikisha miaka miwili jina likathibitishwa, na hakuna aliyeanguka, ingawa Waridi hakula siku mbili. Leo Safa ana miaka mitatu. Ana maneno manne, na humtazama mtu machoni kidogo, akitaka.

Mwezi uliopita Waridi alifika Woodley akiwa amechoka, akashika kiuno kwa namna ambayo Nakhumicha aliitambua kabla hajaambiwa.

"Miezi mingapi?"

"Minne." Waridi aliketi. "Daktari asema aweza kuwa hivyo hivyo, na aweza asiwe. Kila akicheza tumboni nauliza, wewe ni yupi?" Aliweka kiganja juu ya buibui. "Akizaliwa, utamtazama?"

"Nitamtazama."

"Na ukiona kitu?"

"Nitakwambia siku hiyo hiyo," Nakhumicha alisema, na akaushika mkono wa mwenzake, uliokuwa baridi.