Kofi la Shemeji Mkubwa

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na mwaka ule likizo yangu yote niliitumia kuua mashemeji. Nilikuwa naigiza filamu, nikiwa mjane aliyenyang'anywa shamba la zabibu na kaka watatu wa marehemu mumewe. Anawamaliza mmoja mmoja, na mwisho hakamatwi wala hatubu. Mchungaji wangu alipopata habari aliniuliza kama angalau mjane huyo ataokoka. Nikamwambia hapana, anakaa kivulini anakula zabibu.

Kuua hakukunisumbua. Kisu kilikuwa cha plastiki, na damu ilikuwa uji wa ngano uliotiwa rangi ya keki, nzi wa Makutupora, tulikorekodia, wakaufurahia kuliko mtu yeyote. Kilichonishinda ni kofi.

Shemeji mkubwa aliigizwa na mzee mmoja wa Chemba, bwana mifugo mstaafu, umri wa baba yangu. Kila nilipomsogelea na kuinua mkono, mdomo ulinitangulia: "Shikamoo." Naye, kwa mazoea, akaitika marahaba. Mara ya tano mpiga picha alikaa chini akicheka. Mwongozaji, kijana aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, hakucheka. Alinieleza kwamba moyo wa mjane huyu umekuwa jiwe, haangalii tena umri wa mtu. Nikamwambia mjane labda, lakini mimi nimelelewa.

Mzee akaomba tupumzike. Akanipeleka pembeni, katikati ya mizabibu, akaongea bila kunitazama.

"Mwanangu, haya mambo mimi nimeyafanya kweli. Mdogo wangu alipofariki nilichukua shamba lake la alizeti. Mkewe akarudi kwao Busi na watoto wanne."

Nikamuuliza kama alilirudisha.

"Bado nalilima," akasema.

Tuliporudi mbele ya kamera sikumsalimia. Kofi lilitua, meno yake ya bandia yakaruka, yakaangukia kwenye sufuria ya damu. Mwongozaji alisema nimecheza vizuri sana, ila tutarudia, maana watu wangecheka. Mzee akayatia meno mfukoni. Nikampiga tena, na tena wingu lilipopita likaharibu mwanga. La nne hakuna aliyeniomba.

Chakula cha mchana nilikula peke yangu. Sikujua kama alinidanganya ili kazi iende, na nilikuwa na aibu kwa jinsi mkono ulivyonogewa.

Miezi kadhaa baada ya filamu kutoka, alinipigia simu. Alikuwa amekwenda Busi kumwona shemeji yake, na kumbe mama yule alishaiona filamu kwenye simu ya mwanawe. Alimkaribisha chai, akamuuliza kama kofi liliuma. Mzee akakiri liliuma. Mama akasema vizuri, sasa shamba anarudishiwa lini.

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nimemwambia nivune kwanza alizeti iliyopo."

Nikakata simu.