Siku Shangazi Alipoketi Katikati ya Uwanja

Mchanga wa choo cha paka una harufu ya maua yaliyooza. Anayeutengeneza anadhani ametia marashi. Amejidanganya. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeganda juu ya Fort Worth nzima, matawi ya miti yanakatika kwa mlio wa bunduki, na mjukuu wangu Furaha alikuwa amesimama kwenye ngazi za mlango wangu akimimina mfuko mzima wa mchanga huo juu ya barafu. Paka sisi hatuna. Chumvi ya kuyeyusha barafu ilikuwa imekwisha madukani, basi akaenda kuomba kwa jirani mwenye paka.

"Koko, usitoke kwanza," aliniambia. Koko ndiyo bibi, kwa lugha ya kwetu. "Nime-check kwenye simu. Inasaidia mtu asiteleze."

"Mimi nikanyage choo cha paka?"

"Ni mpya, Koko. Hakuna paka aliyeutumia."

Niliegemea woka yangu, kile chuma cha miguu minne wanachotupatia hospitali tukizeeka, nikainamisha kichwa nje ya mlango na kuvuta hewa. Kinyaa kilinishika mpaka mate yakajaa mdomoni. Lakini si paka niliyemkumbuka. Nilikumbuka majivu ya jikoni kwetu, yaliyochanganyika na mavi ya kuku, yakimwagwa juu ya udongo uliolowa na barafu. Na nilimkumbuka shangazi yangu Mapendo.

Mtashangaa barafu imetoka wapi Kongo. Wengi hapa Texas wanashangaa pia, wanadhani sisi tumezaliwa ndani ya tanuri. Mimi nilizaliwa juu kabisa kwenye milima inayotazama Uvira, mahali ambapo moshi haukatiki nyumbani mchana wala usiku kwa sababu hakuna anayethubutu kuzima moto. Huko mvua ya mawe ilikuwa ikishuka kwa hasira. Ikimaliza kupiga mabati na kuua vifaranga, ilikuwa inaacha ardhi nyeupe, na weupe huo ulikuwa unaweza kulala chini mpaka jua lizame. Sisi watoto tulikuwa tunayala mawe yenyewe, pamoja na uchafu wake wote. Nikikumbuka yalikuwa yameangukia wapi, nasikia kutapika.

Shangazi Mapendo alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Ugonjwa wa kupooza ulimkamata mguu wa kushoto akiwa bado ananyonya, ukauacha mwembamba kama mchi. Alitembea kwa magongo mawili ya mti, yenye panda juu zilizofungwa vitambaa, na ncha za chini alizivika vipande vya tairi la gari alivyokaza kwa waya. Hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kugusa ncha hizo. Kila zikilika anazivika upya, na kila akiingia ndani ya nyumba anazifuta kwanza, maana mpira uliolowa unateleza hata juu ya sakafu kavu. Tulikuwa tunamcheka kwa hilo. Siku hizi mimi hufanya hivyo hivyo na miguu ya woka yangu kabla sijakanyaga vigae vya jikoni, na wajukuu wananicheka. Wacheke tu.

Mwaka mmoja kabla ya habari hii, Shangazi alianguka kwenye mawe ya kijito akavunjika mguu wa kulia, ule mzima. Mganga wa mifupa aliufunga vijiti, ukaunga, lakini alimwambia mbele yetu sote, "Ukivunjika tena hapa, mama, magongo haya utayapikia maharage." Alimaanisha kwamba hatatembea tena maisha yake yote. Nyumbani hakuna aliyekuwa hajui jambo hilo. Mlikumbuke hilo, maana mambo yote ya siku ile yaliuzunguka mguu huo.

Basi posa ikaja. Mwanaume alitoka bondeni, fundi cherehani aliyefiwa na mke, kijana bado, mwenye viatu vyeusi vya kung'aa. Alikuja na mjomba wake, ambaye ndiye alikuwa msemaji, na wazee wengine. Waliketi katika nyumba kubwa na baba yangu. Shangazi alikuwa nyumba ya jikoni, ng'ambo ya uwanja, amevaa kitenge kipya ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Kwetu desturi ilikuwa kwamba mazungumzo hayaanzi mpaka binti mwenyewe atoke, avuke uwanja kwa miguu yake, aingie na kuwasalimia wageni kwa mkono. Wanamtazama anavyotembea. Kama ng'ombe mnadani, semeni ukweli.

Kabla hajatoka, mawe yalishuka. Yalipiga mpaka hatukusikiana, halafu yakakatika ghafla, na uwanja ukawa mweupe kutoka mlango mpaka mlango. Mjomba wa bwana harusi alichungulia nje akasema hawawezi kukaa sana, watateremka kabla mto haujajaa.

Sasa sikilizeni ujinga wa nyumba yetu. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa mwanamke wa ufagio. Mgeni akute uwanja uliofagiwa, hiyo ndiyo heshima, mengine yote yanafuata. Aliona mawe yale kama takataka iliyomwagwa mbele ya wakwe. Akamtoa mama yangu na sisi watoto wote, akatugawia mafagio.

"Fagieni! Wageni watasema hapa wanaishi mbuzi!"

Tulifagia. Mawe tuliyasukuma mpaka kwenye migomba, na chini yake ukatokea udongo wetu mwekundu, uliokanyagwa miaka na miaka, umelowa maji ya barafu, unang'aa kama sabuni iliyotoka kuogewa. Shangazi alikuwa ametoa kichwa mlango wa jikoni.

"Wifi, acheni hayo mawe!" alimwambia mama yangu. "Juu ya mawe gongo linashika. Mnanivulia ardhi nguo!"

"Nyamaza," Nyanya alimjibu akiwa amebana meno. "Mchumba anasikia."

"Basi nimwagieni majivu."

Hapo Nyanya alikaribia kupasuka. Kwetu majivu hayamwagwi mlangoni pa mgeni. Ni kumwambia ondoka, na usirudi. Mama yangu, ambaye alikuwa anamwogopa mama mkwe wake kuliko radi, siku hiyo sijui alipata wapi moyo. Alizoa majivu pale kuku walipokuwa wanalala, akaanza kuyamwaga kutoka mlango wa jikoni. Harufu ikapanda. Alifika katikati ya uwanja tu, Nyanya akamnyang'anya kikapu.

"Yanatosha! Mwache atembee mwenyewe, wamwone."

Shangazi akatoka. Alikuwa amezizungushia ncha za magongo yake kamba za mgomba, juu ya mpira, ili zikwaruze. Hakubeba kitu mkononi, wala hakutazama watu. Gongo moja mbele, analibonyeza kwanza kama mtu anayeonja uji wa moto, halafu lingine, halafu mguu, bapa, hatua fupi kama za bata. Sisi watoto tulijipanga ukutani. Baba yangu alikuwa amesimama ndani akijifanya anazungumza. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti karibu na mlango, nyuso zimeelekea nje, na fundi cherehani alikuwa mbele yao wote.

Alifika katikati. Majivu yakaisha.

Alisimama hapo. Alilijaribu lile gongo la kulia mbele yake, likakimbia. Akalirudisha. Akajaribu la kushoto, nalo likakimbia. Mahali pale palikuwa hapana ukuta, hapana mti, hapana mkono wa mtu.

"Songa!" Nyanya alinong'ona kwa sauti ambayo hata mto uliisikia.

Shangazi hakusonga. Aliyakusanya magongo yake yote mawili mkono mmoja, akajishusha taratibu, na akaketi. Aliketi chini, na kitenge chake kipya, juu ya maji yale ya barafu na udongo na mavi ya kuku. Akayalaza magongo mapajani, akageuza mgongo, akaanza kujivuta kwa matako kuelekea nyumba kubwa. Anasukuma kwa mikono, anapumzika. Anasukuma, anapumzika. Matope yalikuwa yanajaa nyuma yake kama mkate unaoumuka.

Mimi nilichukizwa. Sitawaambia uongo kwamba nilimwonea huruma, nilikuwa mtoto na mtoto anaona anachoona. Niliona mtu mzima anatambaa. Niliona tope jekundu likipanda kwenye maua ya kitenge ambacho nilikuwa nimekitamani. Nilitaka ainuke, hata aanguke, lakini aanguke kama mtu.

Alifika mlangoni. Akashika mwimo, akajiinua kwa mikono miwili, akarudisha magongo makwapani, akafuta kiganja kwenye nguo na kumnyooshea mjomba wa bwana harusi. Yule mzee akaurudisha mkono wake nyuma, akatoa kiwiko.

"Sisi tumekuja kutafuta mwanamke," akasema, na wenzake wakaanza kukohoa ili wasicheke. "Hatukuja kutafuta chura."

"Chura havunjiki mguu, mzee," Shangazi alimjibu. "Karibuni sana."

Mazungumzo hayakuanza. Walikunywa walichowekewa haraka haraka, wakaaga. Yule mjomba alipotoka, alikanyaga uwanja wetu mzuri uliofagiwa, miguu yake ikaenda Burundi na mgongo wake ukabaki Kongo. Hakuvunjika kitu, kwa bahati mbaya. Walimwinua, wakaondoka, na fundi cherehani akawafuata akiinua suruali yake kwa vidole viwili ili isichafuke.

Nyanya alilia siku nzima. Alimwambia Shangazi kwamba amejinunulia upweke. Hakuna mwingine aliyekuja tena.

Nilikua. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, nikauza samaki, nikauza sabuni, nikakimbia vita, nikavuka bahari, na hapa Fort Worth nikawaosha wazee wa watu mpaka mimi mwenyewe nikawa mzee wa kuoshwa. Sikusaidiwa na mtu. Kwa hiyo kuanguka sikupendi. Niliwahi kumwona bibi niliyekuwa namlea akitoka kuchukua barua siku ya barafu, ameibeba woka yake mkononi badala ya kuiegemea, kwa sababu hakutaka jirani ajue kwamba anaogopa. Akateleza, nyonga ikavunjika. Alikuwa ameweka rangi ya mdomo. Alilala kitandani na rangi hiyo mpaka nilipomfuta.

Tangu siku hiyo sina aibu. Barafu ikishuka, sitoki. Nikilazimika kutoka, natangulia kukagua mipira ya woka, navaa viatu vibaya vyenye meno, sibebi kitu, na Furaha anatembea pembeni yangu, si mbele. Kwenye ngazi naketi chini, mbele ya jirani, mbele ya mchungaji, nashuka kwa matako. Binti yangu wa Pearland, ambaye ni nesi Houston, aliona video ya jambo hilo akanipigia simu.

"Mama, watu wa kanisa wameona!"

"Walikuja kunishika?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, walikuja kunishika, au walikuja na simu?"

Na hicho ndicho kinyaa changu cha kweli, kuliko mavi ya kuku, kuliko mchanga wa paka. Watu wanaotazama.

Maana kabla sijakimbia nchi nilimwuliza Shangazi. Alikuwa ameshazeeka, anauza mihogo sokoni, bado anatembea kwa mguu wake ule wa kulia na magongo mawili, ncha zimevikwa vizuri. Nilikuwa tayari mfanyabiashara, nina kiburi, nikamwuliza kama haoni uchungu kwamba alimpoteza mume kwa kuogopa kuanguka.

Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kuogopa? Wewe, mimi pale katikati nilikuwa naweza kujivuta haraka zaidi. Nilikuwa na mikono kama ya mwanaume. Umesahau nilivyokuwa napumzika?"

Nikamwambia nakumbuka.

"Nilikuwa napumzika ili nimpe muda," akasema. "Kila nikisimama kupumua nilikuwa nageuka kuangalia viatu vyake vile vyeusi. Nilikuwa nasema moyoni, sasa atasimama. Sasa atatoka anipe mkono. Kulikuwa na hatua chache tu, mwanangu. Hata kama angeteleza tukaanguka wote, ningemkubali palepale chini."

Alipanga mihogo yake upya, mikubwa mbele.

Sisi tuliokuwa ukutani tulidhani wageni wamekuja kumtazama yeye anavyotembea. Sote tulikosea, na Nyanya na ufagio wake alikosea kuliko wote. Shangazi ndiye aliyekuwa anatazama. Aliketi kwenye tope baridi, akaulinda mguu wake, akangoja mwanaume mmoja ainuke kwenye kiti, na alipofika mlangoni alikuwa ameshapata jibu lake.