Levi Mukhisa, Mtega Fuko Asiyepeana Mkono

Miaka huko Saboti hupita polepole, kwa kipimo cha mahindi: hupandwa, hupaliliwa, huvunwa, hukaushwa, kisha mtu hushtuka kuona kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa palizi sasa ndiye anayeongoza plau. Katika mwendo huo wa taratibu serikali zilibadilika, barabara ya kwenda Kitale ilitengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena, na kanisa letu lilipokea wachungaji saba na kuwaaga sita. Levi Mukhisa aliwaona wote saba wakija. Alikuwa amehamia kutoka Misikhu akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Na mwaka 2004, ambao ndio mwaka wa habari hizi, alikuwa na miaka sitini na mitatu, meno yake yote isipokuwa mawili, na kazi ile ile aliyokuja nayo, yaani kutega fuko.

Asiyemjua fuko ni mtu mwenye bahati. Ni mnyama wa ukubwa wa kiatu cha mtoto, mwenye manyoya laini, macho ya kubahatisha, na meno ya njano ambayo hayakuumbwa kwa ajili ya unyenyekevu. Huishi chini ya ardhi, hula kiazi kutokea upande wa chini, na humwachia mkulima majani mabichi yanayopendeza macho. Wanateolojia wamejadili asili ya uovu kwa karne nyingi. Wakulima wa Saboti hawakuhitaji mjadala, walimwita Levi.

Mtego wake ulikuwa na vitu vichache: ufito, waya, uzi na kijiti. Ufito aliukata kutoka kichaka kibichi, mwembamba kama kidole gumba, unaokunjika bila kuvunjika. Waya ulikuwa wa breki ya baiskeli, alioufumua na kuchukua nyuzi mbili tu, akazisokota na kuzifanya kitanzi cha upana wa vidole vitatu. Alitafuta kichuguu cha udongo mpya, akachimba mpaka akaifikia njia ya fuko, akaifungua, akakiweka kitanzi mdomoni mwa njia hiyo, akaukunja ufito na kuuzuia kwa kijiti kilichofungwa uzi. Basi, fuko hachukii kitu kama upepo na mwanga kuingia nyumbani kwake. Akiona mlango umefunguliwa, huja mbio akisukuma udongo mbele ya kifua ili auzibe; udongo hugusa uzi, kijiti huchomoka, ufito hujinyoosha, na kitanzi humkaza. Wanyama wengine hunaswa kwa tamaa yao. Fuko hunaswa kwa bidii ya kazi za nyumbani, jambo ambalo akina baba wengi wa Saboti walilitaja kila walipoombwa kuezeka upya jiko.

Fuko wenyewe Levi aliwapangia vyeo. Mdogo alikuwa mzee wa kanisa. Wa wastani, mnene, mwenye sauti, alikuwa mchungaji. Na yule mkubwa anayeweza kumaliza shamba zima bila kuonekana hata mara moja, huyo alikuwa Askofu.

Lakini ufundi wote huo, kwa maneno ya Levi, ulisimama juu ya sharti moja alilopewa na baba yake huko Misikhu: mkono wa mtegaji usinuke mtu. Mkono uliogusa sabuni, au mafuta ya kujipaka, au kiganja cha mtu mwingine, fuko huunusa kwenye waya, akaziba njia hatua tatu nyuma, akaenda zake. Kwa hiyo Levi alinawa kwa majivu, akajisugua kwa udongo wa shimo lile lile, na hakumpa mtu mkono.

Mahali pengine sharti kama hilo lisingemsumbua mtu. Kanisani kwetu, hata hivyo, ibada haimaliziki kwa baraka. Humalizika kwa mstari. Wa kwanza kutoka husimama nje ya mlango, wa pili humpa mkono na kusimama baada yake, wa tatu huwapa mkono wote wawili, na hivyo hivyo mpaka watu mia mbili wamesalimiana, pamoja na wale walioamka kitanda kimoja asubuhi hiyo. Levi, ambaye mitego yake haikuijua Jumapili, alitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa kando ya kibanda wanachopikia chai akina mama. Wachungaji sita walimwona na kunyamaza.

Wa saba, Mchungaji Kipruto, hakunyamaza. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni karibuni, mwenye viatu vinavyong'aa na mafuta ya mikono yenye harufu ya waridi aliyoyanunua Kitale. Alipoletewa habari kwamba Nelima, binti wa pekee wa Levi, anataka kuolewa na Sifuna, karani wa Bungoma, alisoma tangazo la ndoa Jumapili ya kwanza, akasoma Jumapili ya pili, kisha Jumatatu akaenda kwa Levi na kukalia kiti bora cha nyumba.

“Mzee, uko na kinyongo na nani?” aliuliza.

“Sina kinyongo, pasta. Niko na mitego.”

“Watu mia mbili wanakungoja na mkono, na wewe unatoroka na mlango wa nyuma kama mwizi wa sufuria.”

“Si uwaambie wanawe na majivu kama mimi. Nitawasalimia wote, hata mara mbili.”

Mchungaji hakucheka. “Mimi siwezi kufungisha ndoa ya binti wa mtu asiye na amani na kanisa. Jumapili hii utapita kwa mstari kama watu wengine. Usipopita, tangazo la tatu sitalisoma, na hao watoto waende kwa DC wakafunge ndoa ya serikali.”

Wilkista, mke wa Levi, alikuwa mlangoni na birika la chai. Mwanamke huyo alikuwa amekuja kwa Levi jioni moja, kwa miguu, na debe la mtama kichwani. Hiyo ndiyo iliyokuwa harusi yake, na hapakuwa na wimbo. Kwa miaka ishirini na minne, tangu Nelima azaliwe, alikuwa akingoja kumwona mtoto wake akipita katikati ya kanisa akiwa amevaa nguo nyeupe. Nguo yenyewe ilikwisha kushonwa. Baba yake Sifuna alikuwa mzee wa kanisa huko Bungoma, naye angekubali harusi ya kwa DC siku ile ambayo angekubali mwanawe aoe gerezani.

Mgeni alipoondoka, Wilkista aliliweka birika chini.

“Baba Nelima, ni mkono tu. Si figo wamekuomba.”

“Na viazi?”

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Shamba la viazi vya harusi, nusu ekari nyuma ya nyumba, lilikuwa na Askofu. Alikwisha kula mistari minne na alikuwa ameanza wa tano. Wageni wa kutoka Bungoma wakikosa chakula cha kutosha hawasemi kitu siku hiyo. Husema baadaye, kwa muda wa miaka arobaini.

“Nikipita kwa mstari Jumapili,” Levi alisema, “mkono utanuka watu mpaka Jumatano. Askofu atakuwa ameandaa karamu yake mwenyewe. Wacha nimpate kwanza. Nikimpata kabla ya Jumapili, nitasalimia hata mbwa wa pasta.”

“Na usipompata?”

Levi alitoka kwenda kukata fito.

Alitega Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila asubuhi alikuta njia imezibwa hatua tatu nyuma, kwa udongo ulioshindiliwa kwa ustadi wa fundi wa ujenzi. Alhamisi alibadilisha waya. Ijumaa hakula chochote chenye kitunguu. Nelima alikaa kando ya jiko akimenya maharagwe, na kila baba yake alipoingia alimtazama mikono kwanza, kisha uso.

Wakati huo huo, kwa kuwa Bwana hutawanya mvua na fuko bila upendeleo, vichuguu vitatu vilitokea kwenye nyasi za kanisa, mahali hasa ambapo hema la harusi lingesimamishwa. Wazee wa kanisa walipendekeza Levi aitwe. Mchungaji Kipruto alisema hawezi kumwomba msaada mtu aliye chini ya nidhamu, tena haina haja, kwa kuwa yeye ana kitabu. Kilikuwa kijitabu alichopewa katika kambi ya vijana, kinachomfundisha mtu aliyepotea katika misitu ya theluji jinsi ya kunasa mnyama ili asife njaa. Ndani yake palikuwa na picha ya mti uliokunjwa, kitanzi, na swara aliyeonekana kuridhika na hali yake.

Mchungaji hakuona sababu ya kupunguza vipimo. Ijumaa jioni aliuchagua mkaratusi mchanga ulio karibu na mlango wa nyuma, akaita wanakwaya wawili wenye miili wakamsaidia kuukunja mpaka ncha yake ikakaribia ardhi, akaufunga waya wa ua la ng'ombe, na kitanzi kikubwa kama sinia akakitandaza juu ya kichuguu. Kijiti cha kuuzuia mti kilikuwa kama cha pichani. Alifunga kwa sala, akaenda kulala.

Jumamosi alfajiri Levi alipita hapo akielekea shambani kwa jaribio lake la mwisho, mikono ikiwa imesuguliwa udongo, plaisi ya kukatia waya mfukoni. Alisikia mtu akiita kwa sauti ndogo sana, ya mtu anayetaka kusikika na mmoja tu. Alizunguka nyuma ya kanisa. Mchungaji Kipruto alikuwa ananing'inia kwenye mkaratusi kwa mguu wa kushoto, amevaa pajama za mistari, kichwa chini, viganja vikigusa nyasi kwa shida. Alikuwa amekuja kuukagua mtego na kukanyaga mahali ambapo kitabu hakikusema pasikanyagwe.

Levi aliirudisha mikono yake mgongoni.

“Umeamkaje, pasta?”

“Mzee Levi, nitoe hapa.”

“Nitakutoa. Wacha kwanza nione kazi.” Alizunguka mti, akainama, akakitazama kifundo. “Huu ni mtego wa swara. Wewe ulitaka kumnasa fuko ama kumrudisha kwao kwa ndege?”

“Akina mama wanakuja kufagia saa moja,” mchungaji alisema. Damu ilikuwa imemjaa usoni. “Tafadhali, mzee wangu.”

Levi alitazama juu kwenye waya, kisha akatazama chini kwenye mikono ya mchungaji. Harufu ya waridi ilimfikia kabla hajainama. Angeweza kwenda kumwita mtu mwingine. Lakini mtu mwingine angekuja na mwingine, na kufikia saa moja kanisa zima lingekuwa limepanga mstari. Angeweza kuukata waya bila kumgusa. Lakini kijana angeangukia shingo. Alisimama hapo kwa muda ambao mchungaji aliuona mrefu kuliko mahubiri yake mwenyewe, akifikiria mstari wa tano wa viazi, na wa sita, na macho ya Nelima jikoni.

Kisha akautoa mkono wa kushoto kutoka mgongoni.

“Nipe mkono, pasta.”

Mchungaji aliushika kwa mikono miwili. Levi alimvuta na kumwinua, akakata waya kwa mkono wa kulia, na wote wawili wakaanguka juu ya kichuguu. Walikuwa bado wameshikana, mchungaji akikataa kuachia kama mtoto aliyevushwa mto, wakati Mama Jerono, kiongozi wa akina mama, alipotokea kwenye kona na ufagio, nusu saa kabla ya wakati wake.

Aliwatazama. Akautazama mkaratusi. Akaitazama pajama.

“Kumbe Baba Nelima anasalimia watu,” alisema. “Ni vile tu huwa anachagua.”

“Amelisalimia kanisa,” Mchungaji Kipruto alisema kutoka chini, kwa heshima yote aliyobakiwa nayo. “Mama, wewe ni shahidi.”

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa, kwa sauti nzuri, na mchungaji aliyechechemea. Alitangaza pia kwamba Mzee Levi amepatana na kanisa kwa mkono, ingawa hakueleza kanisa lilikuwa limekaa vipi wakati huo. Hapakuwa na haja. Mama Jerono alikwisha kueleza, na Jumamosi iliyofuata Nelima alipita katikati ya viti akiwa amevaa nguo nyeupe, huku mama yake akiimba kwa sauti ya kuwashinda wanakwaya wote, wakiwemo wale wawili.

Kuhusu viazi, ni lazima ukweli usemwe. Ile Jumamosi ya mkaratusi, Levi alienda shambani akiwa amekata tamaa, mikono ikinuka duka zima la Kitale, akatega kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Saa nane mchana ufito ulikuwa umesimama wima. Askofu alikuwa mkubwa kama alivyotabiriwa. Wilkista aliitwa aje aone. Alimwinua mnyama kwa mkia, akamnusa mumewe mkono.

“Kwa hivyo miaka hii yote thelathini na minne,” alisema, “haikuwa mkono.”

“Nyamaza, Mama Nelima. Ni huyu peke yake. Askofu lazima apende marashi.”

Hakulirudia jaribio hilo. Kesho yake, ibada ilipokwisha na mstari ukaanza kujikunja nje ya mlango mkubwa, Levi alielekea mlango wa nyuma kama kawaida. Alimkuta Mchungaji Kipruto ameufungua tayari na kusimama kando, mikono yake mwenyewe ikiwa mgongoni. Waliinamishiana vichwa, na Levi akatoka.

Mwenyezi Mungu, anayeyaona yaliyo chini ya ardhi kama yaliyo juu, amwongezee Levi Mukhisa misimu ya kutosha, na fuko wa kiasi: wasiwe wengi wa kumlaza njaa, wala wachache wa kumfanya ashinde nyumbani akimsumbua mkewe. Ampe Wilkista nyimbo nyingine za kuimba. Ailinde nyumba ya Nelima na Sifuna huko Bungoma, na watakaozaliwa humo wawe na mikono ya kazi. Wakiwapa watu mikono hiyo, iwe baraka, na wasipowapa, wawepo wa kuwafungulia mlango wa nyuma. Amina.