Uzazi Ungalipo

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuja wodini na chupa ya uji wa pilipili manga. Uji huo hupikiwa mzazi ili maziwa yashuke. Mtoto alikuwa ameshazikwa Kibarani jana yake, lakini mavyaa alikuwa ameshasaga pilipili, basi akapika. Nikanywa. Sikusikia ukali wala sukari.

Akaja msichana mmoja na tableti ya kuandikia majibu mkononi, akamwamkia mavyaa shikamoo, akavuta kiti. Alikuwa akiwauliza wazazi wameonaje huduma za hospitali. Alipoambiwa mtoto hayupo, alisema pole mama, akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee. Sikuwa na kazi nyingine.

"Wauguzi walikuhudumia vipi? Vizuri sana, vizuri, wastani au vibaya?"

"Vizuri sana," mavyaa akajibu. "Twashukuru."

La pili, vizuri sana. La tatu, vivyo hivyo. Mimi nalitazama feni la dari, halizunguki. Siku ya uchungu niliita tangu alfajiri mpaka jua likapanda, na muuguzi akanijibu kutoka mlangoni: bado wewe, kwani ndiwe wa kwanza kuzaa? Alipokuja kunitazama, mtoto alishachoka, na damu yangu ikakataa kukatika. Mavyaa ayajua yote hayo. Alikuwa kwenye benchi la nje, akinisikia.

"Mbona wamdanganya mwana wa watu?" nikamuuliza.

Akaniinamia. "Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwakani utarudi papa hapa, mikononi mwa hawa hawa. Wakikukumbuka, itakuwaje?"

Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo tulivyolelewa, mama yangu mzazi angesema yayo hayo. Hata wale wawili wa kitanda cha pili, waliolazwa pamoja, miguu ya huyu kichwani pa mwenziwe, walikuwa wamejibu vizuri sana.

"Swali la mwisho," msichana akasema. "Ukijaliwa mimba nyingine, utarudi kujifungulia hapa?"

"Atarudi," mavyaa akasema, "Mungu akipenda."

Asubuhi ile, kabla mavyaa hajafika, daktari alikuwa ameniambia kwamba ili kuizuia damu walilazimika kutoa kizazi. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Sikulia. Nilichoogopa ni kimoja tu, uso wa mavyaa atakapojua, maana mume wangu ndiye mwanawe wa pekee.

"Sirudi," nikasema. "Kizazi wametoa, mama. Niliambiwa leo asubuhi."

Mavyaa alikuwa ameshika kifuniko cha chupa. Akakirudisha, akakikaza, akaiweka chupa chini ya kitanda. Hakunitazama. Akamgeukia msichana.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Turudie lile swali la kwanza."